Fundi Aliyelamba Mawe ya Kanisa

Jumapili, 15 Agosti 1976. Asubuhi mawingu mazito juu ya ziwa, hakuna upepo. Saa tano yakaanguka manyunyu, yakakoma kabla vumbi halijalala vizuri. Mchana jua la kuchoma.

Leo nimemwona Fundi, sokoni Kibuye, baada ya miaka sita. Kuna jambo nimelijua leo juu yake ambalo sikulijua wakati wote nilipokuwa nikimwandika. Nitaliacha mpaka mwisho. Nikilisema sasa, nitayaandika ya zamani kana kwamba nilikuwa na huruma siku zile, na sikuwa nayo. Nilimshuku. Kwa hiyo naandika kwanza nilivyoona, halafu nilivyoambiwa. Sijui kama ndivyo inavyofanywa na watu waliosoma. Mimi niliishia darasa la sita, na ukarani wangu ni wa stoo ya pamba.

Jina lake siliandiki. Kuanzia Otonglo mpaka Kisian, ukisema Fundi tu, bila kuongeza wa baiskeli au wa cherehani, watu walijua unamsema yeye. Alikuja kwetu kujenga kanisa la mawe mahali pa lile la udongo. Mimi nilikuwa karani wa kamati. Mwenyekiti wetu, mzee mwenye masharubu makubwa yaliyofunika mdomo wote wa juu na sehemu ya chini, alinipa daftari jipya akaniambia niandike kila kitu nitakachoona kwa yule mtu. Nikamuuliza, kila kitu? Akasema nina macho na nina wino, kwa hiyo kila kitu. Hakuwa na sababu ya kumshuku wakati ule. Alikuwa mtu wa namna hiyo, na mimi sikuhitaji kusukumwa sana.

Daftari hilo ninalo hapa mezani. Ukurasa wa kwanza nimeandika: "Mrefu. Viganja kama kwato. Hasalimii."

Lakini kuhusu mawe alikuwa anaongea, tena sana, mradi umesimama mbele yake. Siku moja alinipa kipande kilichopasuliwa muda huohuo, akanifanya nikigeuze juani. "Hii jiwe si moja, Karani. Hapa ni watu watatu wanakaa nyumba moja." Akanionyesha kwa ncha ya msumari. Kulikuwa na chembe za kung'aa kidogo kama chumvi ya mawe. Kulikuwa na vipande vya rangi ya nyama mbichi, vikubwa kuliko vingine. Na katikati yao kulikuwa na vijikaratasi vyeusi vinavyometa, ambavyo ukiviparua kwa kucha vinabanduka kama magamba ya samaki ngege. Mtu wa chumvi, alisema, hazeeki. Utakufa wewe, wafe wajukuu, yeye yupo tu. Mtu wa magamba ni dhaifu lakini hana fitina. "Mwenye shida ni huyu wa nyama. Ndiye mzuri kuliko wote, na ndiye anaoza."

Alinipeleka upande wa pili wa mlima kunionyesha uozo huo. Kulikuwa na jiwe kubwa kama nyumba, la mviringo, zuri kwa macho. Alilipiga kwa kisigino likamwagika kama sukari nguru iliyolowa. Alinieleza kwamba maji yameingia humo miaka mingi, yule wa nyama amegeuka udongo mweupe, na sasa wale wawili hawana wa kuwashika. Mchanga wote wa mto, alisema, ni nyumba za namna hiyo zilizobomoka. Nikamuuliza mtu atajuaje jiwe limeoza ikiwa uso wake bado mzuri. Aliniangalia kidogo, akasema kila fundi ana njia yake. Niliandika: "Amekwepa swali."

Baadaye nilimuuliza mwalimu mmoja wa sekondari. Aliniambia jiwe hilo linaitwa graniti, kwamba zamani lilikuwa moto na majimaji chini kabisa ya ardhi, na kwamba chembe zake ni kubwa kwa sababu lilipoa polepole, kama uji uliofunikwa. Nilimpelekea Fundi habari hizo nikidhani atafurahi. Alizikataa. Kama jiwe lilizaliwa na moto, alisema, mbona yeye analipasua kwa moto? Mwalimu alikuwa na jibu la hilo lakini nilikuwa nimelisahau njiani.

Kulipasua kwa moto ni kweli alilipasua. Alipanga kuni kavu juu ya mwamba kabla ya mapambazuko, akaziwasha, akakaa mbali. Jiwe likishashiba moto alifagia makaa, akamwaga maji madebe mawili kwa mara moja. Linapasuka kwa mlio unaosikika mpaka barabara ya Busia. Kilichonisumbua mimi si moto. Ni kwamba, makaa yakishafagiwa na ukingo wa mwamba ukiwa umepoa kidogo, alikuwa anavua viatu. Alisimama pembeni ya mwamba miguu mitupu, macho amefumba, mpaka jiwe lipasuke. Mtu anavua viatu mahali patakatifu, na yeye kanisani hakuvua. Niliandika hivyo hivyo. Haki inanilazimisha niseme kwamba niliandika na swali pembeni: "Au anaona joto?" Lakini swali nililiandika kwa penseli, na lile la kwanza kwa wino.

Sasa tabia zake nyingine. Ukimwita kutoka nyuma hageuki. Wanawake wa maji wakipita wakimsalimia mgongoni, yeye kimya. Wanawake haohao wakimkuta uso kwa uso, anaacha nyundo, anawatwisha mitungi mmoja baada ya mwingine. Tukasema ni mtu wa majivuno ya saa nyingine tu. Mkizungumza alikuangalia mdomo. Hakuangalia macho kama watu. Alikodolea mdomo tu, mpaka mimi nikawa napangusa mdomo nikidhani nimebaki na ugali. Mtu akichekesha alicheka baada ya wengine, kidogo nyuma. Kwenye nyimbo alitangulia au alichelewa, na siku moja alibaki amesimama anaimba peke yake ubeti ambao sisi tulikuwa tumeshaumaliza. Watu walicheka. Yeye naye akacheka, akakaa.

Jua likianza kuzama aliondoka. Hata mkiwa katikati ya maneno, aliinua begi lake akaenda. Hakuna aliyepata kuzungumza naye gizani. Mke wangu, Mama Atieno, aliniuliza kama kuna mtu anayejua anakoenda. Hakukuwepo.

Yeye na Mwenyekiti hawakupatana tangu mwanzo. Mwenyekiti akisema jambo, Fundi alimtazama masharubu, halafu ananigeukia mimi, kama mtu anayetaka mkalimani kwa lugha yake mwenyewe. Inabidi nirudie. Mzee aliona hiyo ni dharau ya wazi, na kwa kweli ilionekana hivyo. Alikuwa akiniambia, "Omera, ndugu yangu, yule mtu hataki sauti yangu. Kuna kitu."

Alisema uongo pia, na sitaki kuficha hilo kwa sababu ya leo. Alisema amejenga nguzo za daraja la reli kwa mkono wake. Mtu wa Kisian aliyekuwepo akasema alikuwa anabeba kokoto tu. Sikupata ushahidi wa upande wowote. Chakula cha mchana alikula amegeuka, hakumkaribisha mtu. Lakini mawe ya jiko la mjane mmoja jirani alimchongea bila kuombwa, na hakukaa kushukuriwa. Sijui uyaweke wapi mambo kama hayo.

Nimefika kwenye ulimi.

Kila jiwe kabla ya kuliweka ukutani, Fundi alilinyanyua, akaligusa mahali palipopasuka kwa ncha ya ulimi. Hakuwa anatema mate. Aligusa tu, akangoja kama mtu anayeonja mchuzi. Mengine aliyaweka. Mengine aliyatupa, na mara nyingi yalikuwa yale mazuri, yenye rangi ya nyama. Kwa siku nzima ya kwanza nilidhani nimekosea kuona. Siku ya pili nilihakikisha. Siku ya tatu nilimuuliza, akasema, "Naijua hivyo."

Kwetu mtu akiacha kitu cha mwili wake mahali, kama nywele, kucha au mate, watu wanauliza anataka nini mahali hapo. Tulikuwa Wakristo, lakini tulikuwa tunauliza. Na hii ilikuwa nyumba ya Mungu, jiwe kwa jiwe, msingi mpaka dirisha. Niliandika kurasa tatu. Viatu nikaviweka, kuondoka kabla ya giza nikakuweka, ulimi nikauweka wa mwisho ili uwe mzito.

Kamati ilikaa ndani ya kanisa la udongo. Fundi aliambiwa angoje nje, akasimama kwenye dirisha. Nilizisoma kurasa zote tatu kwa sauti. Nilisoma vizuri, nakumbuka nilifurahia kusoma vizuri. Kisha akaitwa. Mwenyekiti akasema maneno mengi, na Fundi akayatazama masharubu, halafu akanigeukia. Nikamwambia kwa kifupi kwamba mawe ya kanisa yasilambwe.

"Nisilambe?"

"Usilambe."

"Hata moja?"

"Hata moja, Fundi."

Aliendelea kunitazama mdomo. Nilikuwa na hakika atatueleza kitu, na nilishika kalamu. Akasema, "Sawa," akatoka. Tangu siku hiyo hakulamba. Nililinda mwenyewe. Alikuwa analishika jiwe, analigeuza, analikwaruza, anaweka kiganja na kugonga kwa nyundo, analigeuza tena. Kazi ikapungua mwendo. Kwa wiki nzima niliandika neno moja kila jioni: "Ametii." Kilichokuwa kimebaki kujengwa ni pembe ya upande wa ziwa, na ukuta wake mpaka juu. Upande huo ndipo mama wenye watoto wachanga wanapokaa, kwa sababu ya upepo.

Kanisa lilifunguliwa. Lilipendeza, watu walikuja hata kutoka mjini kulitazama. Mwaka wa pili, masika yalipokuwa makali, Mama Atieno alienda Alhamisi kufagia. Alikuta mchanga sakafuni katika pembe ile, kama mtu amemwaga karai. Akaufagia, akatoka nje kukung'uta ufagio. Alipokuwa nje, pembe ikafunguka. Haikuanguka kwa kishindo, alisema, ilimwagika. Mabenchi mawili ya kina mama yalifukiwa. Ingekuwa Jumapili, siandiki.

Niliyaokota mawe mwenyewe. Uso wake mzima, ndani laini. Niliyavunja kwa mkono. Wa nyama alikuwa ameshakuwa udongo.

Basi mimi nilifikiri hivi. Mtu huyu anajua mawe kuliko sisi wote. Alikasirishwa na amri yetu. Mke wangu alikuwa hatua kumi kutoka kaburini. Nikakaa nikaandika ripoti humohumo daftarini, na ndani yake sentensi hii, ninainakili: "Fundi alichukizwa na amri ya kamati, na huenda aliweka mawe mabaya makusudi." Mwenyekiti aliisoma kanisani baada ya ibada, upande mmoja mabati yakipigapiga. Alipofika kwenye sentensi hiyo aliliruka neno "huenda". Sijui kama aliliruka kusudi au masharubu yalilimeza. Nililisikia likikosekana. Nilikuwa nimekaa benchi la pili, ningeweza kusimama. Watu walikuwa wameshaanza kunung'unika, na kusimama kwa ajili ya neno moja dogo kulionekana ni ubishi. Nilikaa.

Zahanati ambayo angeijenga Kisian alipewa fundi mwingine. Hakuna aliyemwita tena, hata kwa choo. Wiki hiyohiyo alibeba nyundo na mitaimbo yake akaenda, mchana kweupe, bila kugeuka alipoitwa na watoto waliokuwa wakimzomea. Tukasema, mwone, hata aibu hana.

Hayo ndiyo niliyoyaona. Sasa ya leo.

Baada ya ibada nilikwenda Kibuye kutafuta shati la kazi. Nilipita upande wa vyungu, nikaona mgongo nikaujua. Alikuwa amekaa chini, mbele yake mawe ya kusagia kama tisa, makubwa ya chini na madogo yake ya mkononi, yamechongwa vizuri. Nilisema, "Fundi." Hakugeuka. Nikasema, "Fundi, habari ya siku nyingi?" Hakugeuka. Mara ya tatu nilisema kwa sauti ambayo watu wa mitumba waliisikia. Nikajisemea kwamba kinyongo cha miaka sita bado kipo, na labda ni haki yake, nikaanza kwenda.

Mama anayeuza vyungu kando yake akaniita. "Baba, mguse bega. Huyo hasikii."

Nikamuuliza, hasikii vizuri?

"Hasikii kabisa. Hata ukimpasulia chungu sikioni."

Nilisimama pale. Mambo yote ya kwenye daftari yalikuwa yanapita moja moja mbele yangu, viatu, wimbo, giza, masharubu, na kila kimoja kilikuwa kinageuza uso. Nikamgusa bega. Akageuka, akanitazama mdomo kama zamani.

"Karani," akasema. "Umenenepa."

Tulizungumza, mimi nimechuchumaa mbele yake ili anione. Aliniambia sikio la kulia lilienda kabla hajaja kwetu, la kushoto likamalizika mwaka tuliochimba msingi. Nyundo ilikula, alisema. Fundi mwingine anagonga jiwe anasikiliza. Zima linalia kama kengele, lililooza linajibu kama boga. Yeye hakuwa anasikia kengele wala boga. Mwamba ukipasuka aliusikia kwa nyayo, ndiyo maana ya viatu. Jiwe la kujengea ni dogo, nyayo haziwezi, ndiyo maana ya ulimi. "Udongo ikiwa ndani, ulimi inashikwa. Jiwe nzima haishiki."

Nikamuuliza lile nililokuja nalo bila kujua nimekuja nalo. "Ile pembe, Fundi. Ulijua mawe yameoza?"

"Hapana. Hiyo ndiyo ilikuwa makosa yangu. Nilikuwa nabahatisha, na sikuambia mtu nabahatisha."

"Kwa nini hukusema ukweli mbele ya kamati?"

"Wewe, Karani. Ungempa kiziwi kazi ya kanisa?"

Nilifikiri kabla ya kujibu, kwa sababu alikuwa anangoja mdomo wangu na sikutaka ujibu peke yake. Nikasema, "Hapana."

"Haya basi."

Nikamwambia kwamba ni mimi niliyeandika habari za ulimi. Akasema anajua. Alikuwa dirishani siku ile, na mimi sina masharubu. Alinisoma mdomoni kurasa zote tatu. "Hukusema uongo. Nililamba." Akachukua jiwe moja la kusagia akalipangusa kwa kiganja. Nilitaka kumwambia pia juu ya neno "huenda", nikaanza, nikaona nalisema huku nimeinamisha kichwa, hakuweza kuliona. Nikainua uso nikalisema tena. Alilitazama lote mpaka mwisho. Hakunisamehe na hakunilaumu. Alisema tu kwamba Mama Atieno alikuwa na bahati ya ufagio, na kwamba yeye aliposikia habari ile, maana yake alipoonyeshwa kwa mikono, alikwenda akatapika nyuma ya nyumba.

Kisha akanisukumia lile jiwe. "Peleka nyumbani. Lakini usiniamini. Lamba."

Mama wa vyungu akaanza kucheka, na wenzake wakasogea. Mmoja akasema leo Baba amekosa chakula kwake. Nililamba, mbele yao wote, mahali palipochongwa. Lilikuwa baridi, lenye ladha kama ya msumari. Ulimi ukatoka bila kushikwa. Bei hakunipunguzia hata senti.

Nikirudi nilipita kwa Mwenyekiti, jiwe begani. Nilimwambia yote mlangoni. Alipapasa masharubu, sasa meupe, akasema kumbe yule mtu alituficha, tukampa kazi bila kujua ni kiziwi. Nikamwambia ni kweli, alituficha. Nikamwambia pia kwamba sisi ndio tuliomfunga ulimi, na kwamba kwenye ripoti niliandika "huenda", na mimi nikanyamaza alipoisoma bila neno hilo. Jumapili ijayo, nikasema, nataka lisomwe lilivyoandikwa, na habari ya kutosikia kwake iongezwe. Alilitazama jiwe begani kwangu. Akasema, "Utasoma wewe." Nikasema nitasoma.

Bado nina shaka, na ni haki niiandike. Angeweza kuja alfajiri peke yake akalamba mawe yote, nani angemwona? Labda ndiyo namna ile amri ilivyomkata moyo. Labda alitii kwa hasira kidogo, hasira ambayo hata yeye haijui. Sikumuuliza. Yeye alificha sikio ili asikose kazi. Mimi nilificha neno ili nisisumbuke. Nimefungua daftari la zamani nikalikata "makusudi" kwa wino, na lile swali la penseli juu ya joto la miguu nimelipitia kwa wino pia, ingawa halikuwa jibu lenyewe.

Mama Atieno alisaga pumba kwanza akawapa kuku, kama inavyofanywa kwa jiwe jipya, akalisuuza, halafu akasaga mtama. Jioni tumekula ugali wa mtama, dagaa wa omena wa kukaanga na mboga ya osuga iliyolala katika maziwa. Nilitafuna polepole, upande mmoja kisha mwingine, nikingoja mchanga kwenye meno. Mama Atieno akaniuliza nasikiliza nini. Nikamwambia hakuna, na kweli hakukuwa na chembe.